Bi Kunde na Ute wa Wapangaji

Bi Kunde alipenda usafi kupita kiasi. Vijidudu waliopanga mizizini mwake aliwalisha sukari vizuri, lakini kila siku aliwagombeza kwa ute wao. "Mnanitia kinyaa! Futeni!"

Mvua ikakatika. Udongo ukapasuka, majani ya Bi Kunde yakalegea.

"Wanangu," akasema kwa sauti ndogo, "sina tena cha kuwalisha. Hameni mjiokoe."

Hawakuhama. Walijibana kwenye mizizi yake wakaipaka ute mzito, nao ukashika unyevu kidogo uliobaki. Bi Kunde akapona.

Mvua iliporudi, vijidudu wakaanza kufuta harakaharaka, kabla mama mwenye nyumba hajafoka.

Akafoka kweli. "Nani kawatuma kusafisha? Rudisheni ute wangu!"