Pumzi Mpya ya Pikapu

Fyuuuu! Kho, kho, kho. Kimya.

"Hiyo ni injini au bibi kizee kapaliwa na chai?" sauti iliuliza kutoka nje ya geti, na kicheko kikafuata.

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia injini ya pikapu ya baba yake, mikono ya shati jeupe ameikunja, tai ameitupia mgongoni isije ikanaswa na feni. Kicheko kile alikijua. Kilikuwa cha mjomba wake, kaka wa mama, mtu ambaye Mungu alimpa gari zuri na mdomo mbaya.

Mjomba aliingia uani na suti yake, akachungulia chini ya boneti. Boksi jeusi la filta lililokuja na gari lilikuwa limetupwa pembeni. Mahali pake palilala bomba la alumini linalong'aa, nene kama mkono wa bondia, na mwisho wake filta nyekundu yenye umbo la pia.

"Dude gani hili, mpwa wangu?"

"La kuvutia hewa. Injini ikipata hewa nyingi ya baridi, inapata nguvu. Baba alilinunua kwa ajili yako wewe."

Mjomba alicheka tena, safari hii kifupi. Sababu aliijua. Kwa miaka kumi na moja, kila familia ilipokwenda kijijini, yeye aliipita pikapu ile katikati ya mlima, akapiga honi, akatoa leso dirishani na kumpungia shemeji yake kama anayemuaga mtoto wa chekechea. Mzee alifika juu gari linachemka, na yeye anachemka. Mwishowe akaenda kununua dude. "Siku nikilifunga hili," alitangaza mezani, kijiko kikiwa hewani, "shemeji atakula vumbi langu!" Kisha kifua kikaanza kumsumbua, na dude likakaa chini ya kitanda miezi saba, likimngoja apate nafuu.

Leo walikuwa wanaupanda tena mlima ule, na fundi alikuwa ameapa kwamba pikapu haipitwi.

"Hata ukiifunga injini ya ndege," mjomba alisema, "nitawapungia tu." Akaitoa leso kuonyesha, kisha akajifutia macho. Yalikuwa mekundu. "Petroli yako hii inawasha, bwana."

Mama alitokeza mlangoni. "Wewe mtoto! Saa saba na nusu hii. Magari yamejipanga mpaka kwa jirani, watu wamevaa wakapendeza, wewe unachezea vyuma?"

"Dakika tano, mama. Baba je?"

"Tumeshamvalisha. Ile suti ya kijivu aliyokuwa akilalamika inambana. Leo wala haikumbana." Akatengeneza kitambaa chake kichwani. "Anakungoja wewe tu."

Fundi akarudi kazini, jasho likimchuruzika. Klampu zote za kubania bomba zilikuwa zimekaza. Mpira wa kuunganishia haukuwa na ufa. Sasa hewa inakwama wapi? Ndipo akaiona sensa ya kupimia hewa. Ubavuni ina mshale, na mshale huo sharti uelekee injini. Wake ulielekea filta. Yeye, aliyefanya ufundi miaka kumi na mitano, ameifunga nyuma mbele! Akageuka haraka kuona kama kuna aliyeona.

Mjomba alikuwa ameona.

Fundi akajiandaa kwa matusi ya mwaka mzima. Lakini mjomba alitazama huku na huku, akamsogelea. "Igeuze upesi," alinong'ona. "Sitamwambia mtu." Akavua koti, akalishikilia bomba kwa mikono miwili mpaka skrubu ya mwisho ilipokaza.

Fundi akawasha.

Fyuuuuuu-vrrruuum!

Ndege waliruka kutoka kwenye paa. Mbwa wa jirani alibweka, akajifikiria, akanyamaza. Mama alifumba macho pale mlangoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Hiyo ndiyo sauti aliyoitaka," alisema. Kisha akageukia ndani. "Haya, mtoeni."

Wanaume watano walitoka wakitembea upande upande, jeneza mabegani. Mjomba alikimbia kwenda kushika pembe ya mbele iliyokuwa wazi. Wakalitelezesha taratibu nyuma ya pikapu, wakaliwekea maua.

Wengine walipoelekea kwenye magari yao, mjomba alibaki. Alikunjua ile leso, akafuta alama ya grisi ambayo mkono wake ulikuwa umeiacha kwenye mfuniko, akainama.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "nakuahidi mbele ya watu wote hawa: leo, mlima mzima, nitakaa nyuma yako. Ila usinitimulie vumbi sana."