Skrini ya Kushoto

Kompyuta yetu ni kuukuu, na pesa ilitosha kadi ya video ya mtumba na skrini moja tu. Dukani, fundi akaipachika kadi, akaunganisha skrini mbili za rangi, akaweka picha ileile kwenye zote: bibi harusi wa juzi, gauni jekundu.

"Chagua wewe, Baba Watoto," nikamwambia mume wangu. "Macho ya kazi ni yako."

Mume wangu ni mpiga picha. Kwa miezi minane wateja wamekuwa wakiturudishia picha, nyuso zimeiva kama nyanya, na kwa miezi minane tumeilaumu skrini ya zamani. Nimeitukana mpaka nikachoka.

Aliinama, pua ikakaribia kugusa kioo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia. Kidole chake, chenye ukucha uliobabuka kwa dawa za kusafishia picha, kikapita taratibu juu ya gauni la kushoto.

"Hazina tofauti," akasema. "Tuchukue hii ya kushoto, bei yake nafuu."

Fundi akacheka, akidhani ni utani, kisha akamtazama tena. Skrini ya kushoto, rangi yake nyekundu ilishakufa. Ndiyo maana ilikuwa ikiuzwa nusu bei. Gauni humo lilikuwa na rangi ya tope.

"Au wewe unaonaje?" mume wangu akaniuliza, kidole bado kiko kwenye kioo. "Wekundu umetoka vizuri?"

Fundi alikuwa ananitazama mimi. Kumbe miezi yote minane skrini ya zamani haikuwa na kosa.

"Umetoka," nikamjibu, kisha nikamgeukia fundi. "Tufungie hiyo."