Jina Linaloishia na Herufi za Nchi

Sikudhani aliingia ofisini kwa Bwana Mkwizu na barua aliyoisubiri miezi saba. Mkwizu ndiye msimamizi wa majina yote ya tovuti yanayoishia na herufi za nchi yao, na ndiye aliyelifunga jina la tovuti ya Sikudhani, iliyoorodhesha watu sitini na wawili waliofukiwa na kifusi mgodini, mumewe akiwamo. Sikudhani alikuwa amemshtaki kwa baraza la dunia linalotunga kanuni za mtandao, na barua hiyo ndiyo iliyokuwa jibu lao.

"Nisomee mwenyewe, mama," Mkwizu alisema.

Akasoma, mpaka mahali baraza lilipoeleza kwamba kanuni zake haziwafungi wasimamizi wa majina ya nchi, na kwamba shauri kama lake huamuliwa nyumbani.

"Rudia hapo."

Akarudia, akidhani kwamba akitii atahurumiwa.

"Nyumbani ni hapa," Mkwizu akasema kwa upole. "Ulinipita ukaenda kunisema mbali, nao wamekurudisha kwangu."

"Nimekosa, mzee. Nifungulie tu, watu wawaone ndugu zao."

"Nimeshafungua tangu asubuhi."

Akaigeuza kompyuta imwelekee. Jina lilikuwa lile lile alilolitunga yeye, ila sasa lilikuwa mali ya kampuni ya mgodi ule ule. Pichani vijana waliovaa kofia za njano walitabasamu, na chini yao palikuwa na nafasi ya kuomba kazi. Idadi ya waombaji ilizidi kupanda mbele ya macho yake.