Kunawishwa

Siku hizi ukuta wa kila nyumba humpa mgonjwa alama kwa anayojifanyia mwenyewe, na anayebaki chini ya sitini kwa miezi mitatu huhamishiwa makao ya serikali. Bi Mwanakombo, aliyepooza mkono, alishushwa hadi hamsini na nane kwa kuwa bintiye Saumu humnawisha kabla ya kula.

"Lakini hiyo ni heshima!"

"Ukuta haujui heshima, bibi," alisema Shebe, mtabibu aliyemfundisha upya kazi za nyumbani. "Unaandika msaada tu."

"Basi asiniguse mtu."

Miezi mitatu aliinua birika mwenyewe, akalowesha mkeka, akainua tena. Leo ukuta umetangaza sabini na moja.

Bi Mwanakombo akanyoosha mkono wake mzima akicheka. "Haya mwanangu, ninawishe."

Saumu akautazama ukuta, akalificha birika mgongoni.