Kola Zilizoungua

Mama Mvuke alinusa kola ikiungua, akajifanya ana mafua.

Hakutaka kumvunja moyo yule kijana wa kiti cha magurudumu. Jana yake, ofisi inayowatafutia kazi watu wenye ulemavu ilimpigia Mama Mvuke simu kwenye duka lake la dobi: mtu atakuja kujaribiwa kupiga pasi, na afisa atamsindikiza. Nafasi ilikuwa moja tu. Na mashati ya hoteli yalitakiwa saa kumi.

Walikuja wawili. Kijana alijisukuma mwenyewe, akitania kila aliyekutana naye. Nyuma yake alifuata msichana mnyamavu, mkoba begani, macho kwenye pasi.

"Karibuni, karibuni!" Mama Mvuke alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta aproni. "Dada, huyu mwenzio ataweza kukaa hapa kutwa?"

Msichana hakujibu.

"Kukaa ndiyo fani yangu, mama," kijana alidakia. "Lakini kabla hatujaanza, ngoja nikueleze..."

"Usijieleze, mwanangu. Hapa kwangu mikono ndiyo inayojieleza." Akamrushia aproni, akageuka kuchomeka pasi ukutani. "Dada, shida ni miguu tu, au kuna lingine?"

Msichana alikuwa akiyatazama mashati.

"Kwetu mambo ya mtu huyasema mwenyewe," alisema kijana, safari hii bila kucheka. "Wiki hii tumerudishwa sehemu tatu, mama. Mbili hata mlango hatukuvuka. Leo tunaomba kazi ionekane kwanza, maneno baadaye."

"Itaonekana. Shika pasi."

Kijana aliitazama pasi, akaitazama aproni, kicheko kikamrudia. "Haya. Mimi kila kazi lazima niijaribu mwenyewe."

Na sasa kola ya tatu, ya mashati makuukuu ya majaribio, ilikuwa inafuka moshi.

Shemeji yake Mama Mvuke, aliyekuwa akifua uani, alichungulia mlangoni. "Jamani, leo tunapika nini?"

"Nyamaza wewe!"

Msichana alikuwa ameshaweka mkoba chini. Alilowesha kidole, akaigusa pasi nyingine, ikalia chwii. Akachukua shati la kwanza.

"Afisa, usijichoshe! Kaa upumzike," Mama Mvuke alimwita kutoka upande wa pili. Msichana hakugeuza hata shingo.

"Ana maringo, huyo," Mama Mvuke alinong'ona.

"Mwache, bwana. Mikono ya bure hiyo!" Shemeji alicheka, akageuka kuondoka, akapiga teke ndoo ya bati. Ndoo ilibiringika sakafuni kwa kishindo. Mama Mvuke aliruka. Kijana aliunguza kola ya nne. Msichana aliendelea kunyoosha mkono wa shati, taratibu, kama hakuna kilichotokea.

Kufikia saa tisa, mashati ya hoteli yalining'inia yote. Mama Mvuke alipitisha vidole kwenye kola moja moja, akitafuta kunjo. Hakuliona. Akashusha pumzi, akaja kuchuchumaa mbele ya kijana.

"Mwanangu, nitakuwa mkweli. Ucheshi unao, na mahali pako pa kazi papo. Lakini si kwenye pasi. Nikikuachia wiki moja, hoteli nzima itavaa fulana."

"Hata mimi nisingejiajiri, mama."

Mama Mvuke alicheka mpaka akashika goti. Halafu akapunguza sauti. "Laiti ofisi yenu ingeniletea mtu kama huyu afisa wako! Ningempa kazi leo hii, hata chai hajanywa."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Hata kama ana shida yake?"

"Aje nayo! Kwani mimi sina zangu? Mashati yenyewe si hayo hapo?"

Kijana alivua aproni, akatoa mfukoni kalamu na fomu ya ajira, akampungia msichana mkono.

"Afisa ni mimi, mama," alisema. "Mwombaji atajieleza mwenyewe."

Msichana alikuja, akamgusa Mama Mvuke begani, akaonyesha masikio yake yote mawili, akatikisa kidole kukataa. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kalamu.