Mara Tano

"Mara ngapi ulimnyonyesha Seifu?" kadhi aliuliza tena kwa upole.

Bi Zuhura aliinama. Harusi ya binti yake na Seifu, kijana wa jirani, ilikuwa keshokutwa.

"Mama yake alikuwa hoi kwa homa, na kitoto kinalia. Ungekuwa wewe, shehe, ungehesabu?"

"Wema wako Mungu anaujua. Lakini zikitimia mara tano, hawa ni ndugu wa kunyonya, hawaoani. Zikipungua, wataoana."

"Na msikitini ng'ambo ya mto wanasema hata mara moja inatosha," binti alisema nyuma ya pazia. "Kwa hiyo mimi nikivuka daraja tu, mume wangu anageuka kaka?"



Mama yake Seifu, aliyeketi kando, alimshika Bi Zuhura goti. "Sema nne, dada yangu. Ulimpa mwanangu uhai, usimnyang'anye mke."

Bi Zuhura akaanza kukunja vidole. Usiku wa homa. Asubuhi ya mvua. Siku ya mazishi ya bibi. Ile Ijumaa.

Kidole gumba kilibaki kimesimama. Alikitazama, hakukikunja wala hakuushusha mkono.