Ubeti wa Shazili

Mara ya kwanza kupanda jukwaani baada ya eda, Mwanaidi alitaka wimbo uleule aliokuwa akipokezana na Shazili, mumewe aliyemtaliki redioni, mji mzima ukisikiliza.

"Mwanangu, ubeti wake nani ataimba?" mpiga kinanda alinong'ona. "Watakucheka."

"Wacheke, mzee Faki, si wamelipa kiingilio? Wewe piga."

Ubeti wa Shazili ulipofika, Mwanaidi alitunisha shingo, akaunguruma kwa sauti nzito ya kiume: "Sikuachi, laazizi, hata wakinifunga!"

Akina mama wakaangua vigelegele. Ndipo mlangoni sauti ya Shazili mwenyewe ikaudakia ubeti. Vichwa vyote vikageuka, isipokuwa cha Mwanaidi. Yeye aliisogelea maiki, akazidi kuunguruma.